Domino ndani ya tangi: dalili, chanzo na la kufanya

Domino ni yule samaki mdogo mweusi mwenye doa jeupe kila ubavu na jingine kwenye paji la uso. Jina lake la kitaalamu ni Dascyllus trimaculatus, na ni mwenyeji wa miamba ya pwani yetu ya Kenya. Akiwa mchanga hukaa karibu na anemoni (mnyama laini wa baharini anayefanana na ua), mara nyingi pamoja na samaki wa anemoni wenyewe. Akinunuliwa huwa na sentimita 2 au 3, akikomaa hufika 11 hadi 14, na kadiri anavyokua ndivyo anavyozidi kutetea eneo lake.

Kwa kuwa anavumilia maji mabaya kuliko samaki wengi, amefanywa samaki wa kuanzishia tangi jipya la maji ya bahari. Desturi hii ni mbaya. Samaki huyo anaunguzwa na amonia, sumu inayotokana na taka zake mwenyewe, kwa wiki kadhaa, na akipona anakuwa mwenye nyumba: kila anayeletwa baada yake ni mvamizi. Nusu ya matatizo yaliyoandikwa hapa chini yanaanzia hapo.

Matatizo ya domino yana mizizi mitatu tu: maji, ugomvi au kimelea. Ugumu ni kwamba dalili zinafanana. Kabla ya kufungua chupa yoyote ya dawa, tazama ni nani anayeumwa na tangu lini. Samaki wote wakibadilika ndani ya saa chache, ni maji. Mmoja peke yake akiwa na mapezi yaliyochanika na amejibana pembeni, ni ugomvi. Mmoja leo, wawili kesho kutwa, wanne wiki ijayo, hicho ni kimelea. Kisha pima: joto nyuzi 25 hadi 28, chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji (kwenye haidromita, kile kipimo cha chumvi, 1.025 au 1.026), pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 8.1 hadi 8.4, amonia na nitriti (kile ambacho bakteria huigeuza amonia kuwa) sifuri, nitrati (hatua ya mwisho baada ya nitriti) chini ya miligramu 20 kwa lita. Andika namba hizo na saa uliyopima.

Wote wanahema kwa kasi, wamepanda juu ya maji

Angalia kwanza saa. Ikiwa wanahema alfajiri kabla ya kucha na mchana wanatulia, ni upungufu wa oksijeni. Usiku mwani wote ulio tangini unavuta oksijeni badala ya kuitoa, na maji ya moto yanabeba kidogo: maji ya bahari ya nyuzi 25 yanashika kama miligramu 6.7 kwa lita, ya nyuzi 30 kama 6.2. Kwenye vyumba vya Malindi mwezi wa Februari na Machi, kaskazi likilegea, tangi lisilo na feni hufika nyuzi 31 bila taabu.

Elekeza pampu ya mkondo juu mpaka uso wa maji utikisike wote. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, lazia karatasi safi ya jikoni kisha uivute taratibu, urudie mpaka utando uishe. Ondoa kifuniko cha kioo, weka wavu badala yake, na uelekeze feni ndogo usoni mwa maji. Hiyo peke yake hushusha nyuzi 2 au 3. Barafu inasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chupa ya lita 1 iliyoganda inashusha tangi la lita 200 kwa nusu nyuzi tu. Itumie kwa dharura, ikiwa imefungwa vizuri, na usizidishe nyuzi 1 kwa saa.

Umeme ukikatika, usilishe. Washa pampu ya hewa ya betri. Kama huna, chota kwa jagi na umwage kutoka urefu wa mkono, mara kumi kumi kila baada ya dakika 10. Kichujio cha mkebe uliofungwa kina hatari yake: maji yaliyosimama ndani yake zaidi ya saa moja au mbili yanaoza kwa sababu bakteria wamekosa hewa. Umeme ukirudi, usikiwashe moja kwa moja. Kifungue, mwaga maji hayo, suuza kwa maji ya bahari, ndipo ukiwashe.

Ikiwa wanahema mchana na usiku, pima amonia. Chochote juu ya sifuri ni tatizo, kwa sababu kwenye pH ya bahari sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake ya sumu kuliko kwenye maji matamu. Badilisha robo hadi theluthi ya maji kwa maji yenye joto na chumvi ile ile, simamisha chakula siku mbili, pima tena kila asubuhi. Tafuta mzoga: konokono aliyekufa nyuma ya jiwe anatosha kuharibu lita 100. Dawa ya kawaida ya kuondoa klorini, thiosulfeti, haigusi amonia; soma lebo.

Tangi jipya halina bakteria wa kula amonia, nao huchukua wiki 4 hadi 6 kukaa sawa. Walishe kwa kipande cha kamba mbichi chenye ukubwa wa kidole gumba kwa kila lita 100, usubiri mpaka amonia ipande na ishuke, nitriti ipande na ishuke. Hakuna haja ya samaki hata mmoja humo ndani kwa muda wote huo.

Kuna chanzo kingine ambacho hakionekani kwenye kipimo chochote cha nyumbani: dawa ya mbu ya kupuliza. Pampu ya hewa inaivuta chumbani na kuisukuma moja kwa moja majini. Dalili yake ni samaki kushtuka-shtuka, kuzunguka duara na kugonga kioo. Kamba na kaa hufa kabla ya samaki. Zima pampu ya hewa, fungua madirisha, badilisha nusu ya maji, na weka mkaa mpya wa kuchujia ndani ya soksi safi. Mkaa wa jikoni haufai kwa kazi hiyo. Chumba chenye tangi kisipuliziwe dawa, tumia chandarua.

Amekunja mapezi, anakula kidogo, amonia ni sifuri

Mara nyingi hii ni dalili ya chumvi iliyopanda, na kwetu pwani ni kosa la kila siku kwa sababu maji ya bahari yapo karibu na hayana bei. Maji yanapopungua kwa jua na upepo, chumvi haiondoki, inabaki tangini. Anayejazia kwa maji ya bahari anaongeza chumvi juu ya chumvi. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 3 kwa siku. Baada ya wiki moja, lita 21 zimekwenda. Ukijazia maji ya bahari, chumvi imetoka 35 na kufika karibu 38.7, na wiki ya pili itavuka 42. Domino atavumilia kwa muda, anemoni na kamba hawatavumilia.

Kujazia ni maji matamu tu, kila siku, mpaka alama uliyoichora kwenye kioo. Kubadilisha maji ndiko kunakohitaji maji ya bahari. Ukikuta chumvi imepanda, ishushe pointi 1 au 2 kwa siku, si zaidi.

Maji matamu nayo yana mambo yake. Visima vya Malindi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu na mara nyingi yana nitrati kutoka kwenye vyoo vya shimo vilivyo karibu. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi yenye jiwe la hewa kwa saa 24, ongeza dawa ya kuondoa klorini. Maji ya mvua ni mazuri kama utamwaga yale ya mwanzo yanayosafisha paa, na kama paa si la mabati yaliyochakaa, maana zinki inayotoka humo ni sumu. Wenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji ya mvua, upande wa Lamu wana akiba bora kuliko kisima, mradi jabia limefunikwa na wameyapima kwanza. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanaonekana safi kabisa, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba. Yasiingie kwenye tangi lenye anemoni, kamba au konokono.

Kuhusu kuteka maji ya bahari: Malindi ina mto Sabaki unaomwaga kaskazini mwa mji. Mvua zikinyesha bara, matope yake hutanda kwenye ghuba na maji huwa ya kahawia. Wakati huo usiteke hata kama nyumba yako iko hatua chache kutoka ufukweni. Teka maji yanapojaa, si yanapokupwa, kwa sababu maji ya kupwa yanatoka na uchafu wa ufukwe. Yapitishe kwenye kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, yaache yatulie gizani usiku kucha, na umimine yaliyo juu tu, ukiacha masimbi chini ya mtungi. Mtungi uwe wa chakula. Uliowahi kubeba mafuta ya taa, sabuni au rangi hausafishiki. Akiba ya dharura iwekwe kabla masika hayajaanza: mitungi mitano ya lita 20 inatosha kubadilisha asilimia 10 ya tangi la lita 200 kwa wiki tano.

Ukitumia haidromita ya mshale, igonge taratibu kabla ya kusoma. Viputo vya hewa vikishika kwenye mshale vinauinua, nawe utadhani chumvi ni nyingi kuliko ilivyo.

Vidoa vyeupe au vumbi mwilini

Domino ana madoa yake ya kuzaliwa, kwa hiyo mnunuzi mpya huwa hajui aangalie nini. Doa la asili lina ukingo laini na halisogei. Zima taa ya tangi, simama pembeni, mulika kwa tochi kutoka juu ukiutazama mwili kwa mshazari. Kwenye ngozi nyeusi kila kitu kitaonekana.

Ukiona chembe kama za chumvi, zinazohesabika, hasa kwenye mapezi, ni Cryptocaryon irritans. Kimelea hiki hukaa juu ya samaki siku 3 hadi 7, kisha hudondoka, hujifunga kwenye mchanga au jiwe, na baada ya siku kadhaa, mara nyingine wiki nne au zaidi, hutoa watoto wanaotafuta samaki. Ndiyo sababu chembe hupotea siku ya nne na mtu akasema amepona. Hajapona. Wiki inayofuata zinarudi maradufu. Dawa inaua wale watoto wanaoogelea tu, kwa hiyo dozi ya siku tatu ni kupoteza fedha.

Mtoe samaki, na wenzake wote, uwapeleke kwenye tangi la karantini lisilo na mchanga wala mawe, lenye vipande vya bomba la plastiki vya kujificha. Humo tumia shaba. Kwa salfeti ya shaba kiwango ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba yenyewe kwa lita, kikishikiliwa wiki 3 au zaidi bila kushuka, ukipima asubuhi na jioni siku za mwanzo. Dawa za shaba iliyofungwa na kemikali nyingine zina kiwango chao kilicho juu zaidi, kinachoandikwa kwenye lebo. Usichanganye hesabu hizo mbili. Shaba isiingie kamwe kwenye tangi kubwa. Mawe na mchanga wa chokaa huinyonya, na inaua anemoni, matumbawe, kamba na konokono. Tangi kubwa libaki bila samaki wiki 6 kwa uchache. Wafugaji waangalifu husubiri siku 76.

Vumbi laini la rangi ya dhahabu, lisilohesabika, pamoja na kuhema kwa kasi na kukimbilia kwenye mkondo wa pampu, ni kimelea kingine, Amyloodinium. Huyu haombi wiki. Samaki anaweza kufa ndani ya siku mbili tangu uone dalili, pengine kabla vumbi halijaonekana kwa macho, kwa kuwa huanzia kwenye matamvua. Mwogeshe samaki kwenye maji matamu yenye joto na pH sawa na ya tangi kwa dakika 3 hadi 5, ukisimama hapo hapo kumwangalia, kisha moja kwa moja kwenye shaba. Usingoje kesho.

Kidonda chekundu ubavuni, kama ngozi iliyochubuka, kwa samaki aliyefika karibuni, huweza kuwa kimelea kiitwacho Uronema. Shaba haimsaidii huyo. Mtenge mara moja, wengi hawaponi.

Hali chakula

Aliyefika leo mwache hadi kesho. Baada ya hapo jaribu kamba aliyekatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, au Artemia hai, wale vidudu wanaopatikana kwenye mabwawa ya chumvi ya upande wa Gongoni; waoshe kwa maji ya tangi kwanza. Akikataa siku tatu huku wenzake wanakula, huenda anazuiwa. Mwangushie chakula pembe mbili kwa wakati mmoja. Mzima anahitaji kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika 2.

Rangi imefifia

Usiku, akiogopa au akigombana, domino hugeuka kijivu na kurudi mweusi baadaye. Akikua, paji hupoteza doa lake na mwili hupauka. Hayo si maradhi.

Anakimbiza wenzake

Hapa ndipo dawa haina kazi na akili inahitajika. Kaa mita 2 kutoka tangini kwa dakika 15 bila kusogea, ukiwa na kalamu ya wino unaofutika. Kila anapomkimbiza mwenzake ataacha na kugeuka mahali fulani. Tia alama hapo kwenye kioo. Alama saba au nane zikitimia utakuwa umepata mpaka wake. Ikiwa mpaka unazunguka zaidi ya nusu ya tangi, hakuna mpangilio utakaomsaidia samaki mwingine. Tangi ni dogo. Domino mzima na wenzake wachache wanahitaji lita 250 kwenda juu.

Ikiwa eneo lake ni theluthi au chini, gawa mawe. Rundo moja kubwa katikati humpa mnara wa kuona kote. Fanya mawili, yenye mchanga mtupu wa sentimita 20 au zaidi kati yake, na yapange ili akiwa kwenye shimo lake asilione la pili. Mkimbizwaji akishavuka ule mchanga na kupotea machoni, shambulio huisha.

Samaki mpya aingizwe hivi. Mtie domino kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, kikining'inia ndani ya tangi hilo hilo, siku 5 hadi 7. Siku ya kwanza badilisha mawe, zima taa, ingiza mgeni. Mgeni atapata pa kulala na domino atakapotoka atakuta ramani yake imefutwa. Siku mbili za mwanzo baada ya kumtoa, egemeza kioo cha kujitazamia upande wa nje wa tangi, mbali na alipo mgeni. Atapigana na kivuli chake. Walishe wote kwanza kabla ya kumfungulia.

Chagua mgeni mkubwa kuliko yeye na asiyefanana naye. Kangaja anamudu, kama tangi ni kubwa vya kutosha kwake. Farasi-bahari na samaki wapole wa mchangani wasiwekwe naye kabisa. Samaki wa anemoni watagombea anemoni moja naye mpaka mmoja aondoke. Chewa atamla. Domino wawili ni ugomvi wa uhakika. Kundi la watano au zaidi linatulia kidogo kwenye lita 500, lakini wakikomaa hupungua. Ukipanga tangi upya, domino awe wa mwisho kuingia.

Kukiwa na ukali wa ghafla kwa samaki aliyekuwa mtulivu, angalia jiwe lake. Dume akitaka kuzaa na jike husafisha sehemu bapa kwa mdomo mpaka ing'ae, hucheza kwa kupanda na kushuka, na ukitega sikio karibu na kioo unaweza kusikia milio mifupi ya kugonga. Mayai hulindwa siku 2 au 3 mpaka yaanguliwe. Usibadilishe kitu, usitie mkono bila glavu, msubiri.

Akilazimika kutoka

Wavu mkononi haumkamati kati ya mawe. Utavunja matumbawe tu. Tengeneza lema dogo, yaani mtego wa samaki. Mwili wa domino ni mpana kwenda juu, hivyo mdomo wa chupa ya soda haumtoshi akishazidi sentimita 3. Chukua chupa ya maji ya lita 5, kata mabega yake, panua tundu hadi sentimita 6 au 7, geuza kipande hicho ndani, shona kwa mshipi wa kuvulia. Usitumie waya, unashika kutu. Toboa matundu madogo pande zote ili harufu ipenye na maji yapite. Ilaze mchangani ikiwa na jiwe ndani, mpe siku mbili aizoee, mfungie chakula siku moja, kisha weka kamba mwisho kabisa. Akiingia, ziba tundu kwa kiganja na uinue.

Safari ya kutoka Mombasa, au kuvuka hadi Lamu kupitia Mokowe, humfanya samaki akae saa kadhaa ndani ya mfuko. Humo pH hushuka, na amonia iliyojikusanya inakuwa haimdhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, kaboni dioksidi aliyoitoa samaki kwa kuhema inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo elea mfuko ukiwa umefungwa dakika 15, pima chumvi, na kama tofauti ni ndogo mhamishe samaki papo hapo bila maji ya mfuko. Kama chumvi ya mfuko na ya karantini zinatofautiana sana, rekebisha maji ya karantini kabla hajafika.

Usinunue kwa mtu anayekwepa kueleza alikovulia. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, hakuna ruhusa ya kuchukua samaki, tumbawe wala ganda, na wavuvi wa samaki wa mapambo walio nje ya hifadhi hutakiwa kuwa na leseni. Na domino usiyemtaka asirudishwe mwambani, hata kama alivuliwa hapo hapo: amekaa na samaki wa sehemu nyingine na anaweza kubeba vimelea vyao. Mpe mwenye tangi la lita 400, umwambie ana ukubwa gani na alikuwa na nani.